Nusu ya Mama

Mbeya,
Ijumaa, 20 Septemba 1957

Kwa kaka yangu mpenzi Isihaka bin Halfani, dukani Igowole.

Assalaam alaykum, kaka. Nakuuliza hali kabla ya lolote, maana tangu uondoke hapa baada ya hitma ya mama hatujapata kwako hata mstari mmoja. U mzima? Kifua chako kinaiwezaje baridi ya Mufindi? Ule ukungu wa mashamba ya chai umekwisha, au bado mnawasha taa ya duka saa nne za asubuhi? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mume wangu Bushiri angekusalimu sana kama angejua naandika, lakini hajui, kwa hiyo zipokee salamu zake kwa mkono wangu.

Utaushangaa mwandiko. Barua zangu zote ulizowahi kupata aliziandika Bushiri, mimi nikisema naye akipunguza maneno. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofunzwa chuo cha Kurani mimi na wewe, ili asipatikane mtu hapo dukani wa kukusomea. Isome peke yako, na uisome leo, usiitie mfukoni ukangoja wateja wapungue. Jambo lenyewe ni talaka ya mkeo Mwanahawa. Eda yake imebakiza siku kumi, kumi na mbili hivi. Zikipita hizo huwezi tena kumrejea kwa neno lako, atakuwa si mkeo, hata ukijuta namna gani. Najua ulisema jina lake lisitajwe mbele yako. Mimi nalitaja, na nitalitaja mpaka mwisho wa karatasi, kwa hiyo kaa kitako.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka jana mwezi wa Mei nilipasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingo, hapa hospitali. Unajua wanawake wa huku walivyo na marovu, na mama alikuwa na lake tangu hujazaliwa, akilifunika kwa ushungi na maisha yakaendelea. Langu mimi halikutaka kufunikwa. Lilikua mpaka tonge la ugali likawa linapita kwa maji, na daktari akasema litoke lote. Nilirudi nyumbani na kovu jembamba shingoni, nikawaonyesha majirani kama mtu aliyenunua kidani kipya. Nilidhani yamekwisha.

Ilipofika Septemba nikaanza kupungua. Sijui neno jingine. Mwili ulinenepa, uso ukavimba, nyusi zikapukutika, lakini mimi mwenyewe nilikuwa napungua. Kunyanyua birika ikawa safari. Nilikaa mbele ya jiko nimejifunika mablanketi mawili, maji yakichemka nayatazama mpaka yanakauka. Sauti ikawa nzito kama ya mwanamume. Mtu akinisalimu, jibu lilinitoka baada ya yeye kukata kona. Mwanamke wa nyumba ya mbele akawa anawaita watoto wake ndani nikipita, na siku moja nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba Siwema wa kweli amekwisha kuchukuliwa, huyu anayetembea ni msukule. Kaka, la kutisha si kwamba walisema. La kutisha ni kwamba niliamini. Nilijitazama kwenye kioo cha Bushiri cha kunyolea, na yule mtu wa ndani ya kioo alikuwa akichelewa. Mimi nageuza shingo, yeye ndipo anakumbuka kugeuza.

Hapo ndipo wewe, Mungu akulipe, ulipomtuma Mwanahawa kutoka huko Igowole aje atutunze mimi na mama. Alikuta nyumba inanuka na mimi nanuka pamoja nayo. Aliniogesha. Alinikata kucha. Siku ya tatu alinishika mkono akanipeleka hospitali kwa miguu, hatua kumi tunapumzika, hatua kumi tunapumzika, wala hakuniambia hata mara moja niongeze mwendo.

Pale hospitali kuna dresa mmoja wa Rungwe, msaidizi wa daktari, anaitwa Andendekisye. Yeye na Mwanahawa walisalimiana kwa ndaga zao za Kinyakyusa mpaka nikaona wivu. Daktari akasema kwa Kiingereza na dresa akatueleza. Kumbe lile tezi la shingoni ndilo lililokuwa linautia mwili moto, na kwangu limetoka lote. Basi moto huo sasa utoke nje, kwa vidonge, kila siku, maisha yangu yote. Vidonge vyenyewe vinatengenezwa kwa tezi la kondoo lililokaushwa na kusagwa. Nianze na nusu kidonge. Baada ya wiki sita nirudi, wanitazame, wanishike mapigo ya moyo, ndipo waongeze kidogo, halafu wiki sita nyingine.

Wewe unanijua. Mimi hata chai naipuliza kabla haijamiminwa. Nikamuuliza dresa, kama huenda mwishowe nitahitaji hata vitatu, kwa nini asinipe vitatu leo tukamalizana? Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kuona ng'ombe wa jembe aliyelala zizini miezi mingi. Humfungi jembe zito siku ya kwanza, atakufa shambani. Akasema, "Mama, moyo wako umelala. Tunauamsha polepole. Dawa hii haitaki mbio, na haitaki mkono wa pili. Anayepima ni daktari tu." Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli, kaka, hilo siwezi kulikataa.

Mwanahawa hakusoma, lakini alisikia kuliko mimi. Kila asubuhi alinitilia kidonge kiganjani, nikakinywa, naye akachukua kipande cha mkaa akachora mstari ukutani jikoni. Mistari arobaini na miwili ikitimia, tunakwenda hospitali. Mimi nanung'unika, yeye anahesabu. Nikimwambia sioni tofauti, ananijibu kwamba juzi birika lilinishinda na leo nimelinyanyua, basi kwa leo inatosha. Mwishoni mwa Desemba nikapandishwa kidonge kimoja kizima. Mwezi wa Februari, Bushiri alisema mzaha mezani nikacheka pamoja na wengine, si baada yao. Wote wakanitazama. Mwanahawa akaingia jikoni, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

Sasa niseme ya mama. Yeye alifurahi kuniona narudi, lakini vidonge hakuvipenda hata kwa kuviona. Siku Andendekisye alipotusomea chupa kwamba ni kondoo, mama alinyoosha ushungi akamuuliza, "Kondoo yupi, na nani aliyemchinja?" Dresa wa watu akarudi kuisoma chupa. Maalim wa msikitini alisema dawa hiyo kwa mgonjwa aliyefikwa na dharura haina neno, mama akajibu kwamba dharura hiyo ni ya Siwema, si yake. Na kisu cha daktari ndiyo kabisa hakukitaka, maana alikwisha kuona kisu kilivyonifanya. Huku rovu lake nalo lilikuwa limeanza kumbana. Akilala chali anakoroma kama anayenyongwa, na wali alikuwa anautafuna mpaka unapoa mdomoni.

Mwezi wa Machi mambo yakageuka. Mama akachangamka. Aliamka kabla ya adhana, akafagia uani, akapanga upya makabati, akasimulia habari za ujana wake bila kituo. Tukasema mama amerudi usichanani. Mimi, kinyume chake, nikaanza tena kusinzia na kusikia baridi. Daktari akaniongeza, kimoja na nusu. Haikusaidia sana. Mwezi wa Mei viwili. Andendekisye akaniuliza kama ninakunywa vyote, nikasema vyote. Katikati ya Juni vitatu, na dresa akakuna kichwa.

Mwezi huo wa Juni wewe uliusikia kwa barua tu, acha nikueleze ulivyokuwa. Mbeya nzima tumevaa makoti na mama anatoka jasho, anatupa kanga, anataka dirisha lifunguliwe. Alikula sahani mbili na mwili ukazidi kukauka, mikono ikawa mifupa. Alipoinua kikombe cha kahawa kiligongana na kisahani chake, kiki-kiki-kiki, mpaka ukisikia mlio ule unajua mama yuko chumba gani. Hakuweza kukaa. Alitembea kutoka mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango. Mara moja alinishika mkono akauweka kifuani pake, akaniambia kuna mtu anatwanga humo ndani, nimwambie aache. Niliusikia moyo wake ukienda bila mpango, unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena.

Na uji, kaka. Mama alianza kuulalamikia uji wake wa asubuhi. Ulikuwa na shombo, akisema, kama sufuria iliyopikiwa nyama halafu haikuoshwa vizuri. Mwanahawa akabadilisha sufuria, akabadilisha unga, akaosha mchi kwa majivu. Shombo ikabaki. Shangazi yetu akaja kukaa nasi wiki mbili, akatazama mama anavyokula na anavyokwisha, akasema chakula kinachoingia mwilini kisikae kina mtu mwingine anayekila. Akasema huyu Mnyakyusa alianza na Siwema, ikashindikana, sasa yuko kwa mama. Ulipokuja mwishoni mwa mwezi, ulilichukua bakuli lenye masalia, ukalamba ncha ya kidole, ukanusa, ukaliweka chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliuona uso wako.

Mama alifariki Ijumaa ile tarehe tano Julai, asubuhi, kabla uji haujapelekwa. Ya siku ya tatu unayajua, ulikuwepo, lakini labda ulipokaa wewe hukuona nilichokiona mimi. Hitma imesomwa, wanaume wako ukumbini, shangazi amekwisha kusema yake, nawe ukatamka talaka moja mbele ya watu. Mwanahawa alikuwa uani akisugua masufuria ya hitma. Wakamwita. Hawakumwita Mwanahawa, jina alilochukua siku aliposilimu akakubali kuolewa nawe. Walimwita Tupokigwe, la kwao, kama mtu anayevuliwa nguo. Alisimama mlangoni na majivu mikononi, akasikiliza mpaka mwisho. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, mara moja tu, kisha akaenda kufunga furushi lake akaondoka kwa miguu kwenda kwa baba yake Asukile, Uyole. Mimi nilikuwa mkekani katikati ya wanawake. Sikusema kitu.

Tangu siku ile, kaka, sijakaa katika nyumba hii peke yangu. Nakueleza hili taratibu usije ukadhani nimerukwa na akili, ingawa Bushiri anadhani hivyo. Mwanzoni mwa Agosti, baada ya chakula cha mchana, nimejinyoosha kwa ubavu wa kushoto, nikasikia mtu anatwanga. Nikatoka uani. Hakuna mtu, na kinu kimefunikwa. Nikarudi kulala, anatwanga. Nikamwuliza jirani kama kwake wanatwanga, akanitazama kwa kunihurumia. Siku nyingine nikawa namiminiwa kahawa na Bushiri, nikashika kikombe, na kikombe kikasema kiki-kiki-kiki juu ya kisahani. Bushiri akainua kichwa. Wote wawili tuliutambua mlio. Tulikaa tukautazama mkono wangu kama mkono wa mgeni aliyeingia bila hodi.

Nikaanza kutoka jasho. Nikaanza kuamka kabla ya adhana na kufagia uani. Nilikula sahani mbili na gauni likanilegea. Nikajikuta natembea kutoka mlango hadi dirisha, juu ya njia ileile, unaiona hata kwenye sakafu pale saruji ilipolika. Shangazi akasema mama ana jambo anataka, tukasoma, tukafukiza ubani, hakuondoka. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa nilipokuwa msukule wa mtaa mzima. Wakati ule nilikuwa sijui litakalonipata kesho. Sasa nilijua, kwa sababu nilikwisha kuyaona yote kwa mama, moja baada ya jingine, na yalikuwa yanakuja kwangu kwa mpango uleule. Nilijua linalofuata ni kujikwaa kwa moyo.

Tarehe tatu mwezi huu nikaenda hospitali peke yangu. Andendekisye alinishika kifundo cha mkono akatazama saa yake, akaanza upya, kisha akamwita daktari. Wakaniuliza nakunywa vingapi. Nikasema vitatu, kama mlivyoniandikia. Daktari akasema vimezidi mno, na akashangaa, maana kwa hesabu yake mwili wangu ulikuwa unavihitaji vyote. Dresa akanieleza neno kwa neno, kwa wema, kama anavyomweleza kila mtu. Dawa hii ikizidi mwilini, mtu anatoka jasho, anatetemeka, anakula na kukonda, hakai, moyo unapiga kama kinu. Kwangu mimi kijana itapungua nikipunguziwa. Ila, akasema, ndiyo maana tunawaambia msigawiane. Akipewa mtu mzima mwenye rovu lake mwenyewe, ule moto anao tayari, ukimwongezea moyo wake hauwezi. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena.

Kaka, nusu ya vidonge vyangu nilikuwa nampa mama.

Nilianza mwishoni mwa Februari, nilipokwisha kupata nguvu na kumwambia Mwanahawa kwamba sasa nitakunywa dawa mwenyewe. Nusu naimeza. Nusu ya pili naisaga kwa kitako cha bilauri, na Mwanahawa akinipa bakuli la uji nimpelekee mama, naikorogea humo njiani, kati ya jikoni na chumba chake. Daktari aliponiongeza, na ya mama iliongezeka. Ndiyo maana mimi nilirudi nyuma na mama akaenda mbele. Aliyekuwa akipimwa ni mmoja na waliokuwa wakinywa ni wawili. Mama alipotutoka, vyote vitatu nikawa navimeza mimi. Vidonge vile vina shombo. Ndiyo ile.

Usiniulize kama nilimchukia mama. Unakumbuka tulipokuwa wadogo tukishikwa na homa? Mama alikuwa akipewa kidonge kimoja cha kwinini, anakikata kwa kisu, kipande chako, kipande changu, naye akalamba kisu. Mimi nimekua hivyo. Sikujifunza kwamba kuna dawa ya mtu mmoja. Niliona kitu kimenirudisha duniani, mama anakabwa shingo chumba cha pili, nami nikitie mdomoni chote? Na niseme lote, kulikuwa na ubishi pia. Kisu hataki, dawa hataki, na mimi kungoja siwezi. Nilitaka rovu lisinyae upesi, halafu nimwambie alichokuwa anakunywa, nimkumbushe yule kondoo wake na aliyemchinja, tucheke wote. Nilikwisha kuyapanga hata maneno ya kumwambia.

Alipolalamikia shombo, nilijua ni kidonge. Nikasema nitasema akipona. Ulipolamba kidole chako, nilijua unaonja nini. Nikasema nitasema mgeni akiondoka. Pale mkekani nilijua. Nilichokuwa sijui, wallahi, ni kwamba ndicho kilichomuua. Nilijiambia shombo ni jambo moja na kifo ni jambo jingine, kifo kimetoka kwa Mungu, na shombo nikiitaja leo wataniona mimi kichaa. Kwa maneno hayo nikamwacha aliyeniogesha aondoke na majivu mikononi. Naona aibu mpaka mifupani. Mama hakunirudia, kaka. Hakuna aliyetwanga. Nilipewa tu kikombe chake nikinywe na mimi, nijue kilikuwaje.

Jumatano iliyopita nilikwenda Uyole. Mzee Asukile alinipokea nje. Aliitikia salamu, hakuniletea kigoda, nami sikukitarajia. Mwanahawa alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza nimesimama, yote kama nilivyokueleza wewe. Nilitegemea alie au anifukuze. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, ndipo akaniambia kwamba alijua. Aliniona mwezi wa Machi kwenye mlango wa jikoni, mimi na bilauri yangu. Alidhani hospitali wameruhusu, na kwamba namficha mama kwa sababu ya yule kondoo. Kwamba ndiyo iliyomuua hakujua, hilo alilisikia kwangu, na hapo ndipo mikono yake iliposimama.

Nikamwuliza, mbona siku ile hakusema? Akaniuliza nani angemsikiliza, binti wa marehemu amenyamaza na Tupokigwe anasema. Akasema, "Nilikuwa nakungoja wewe, wifi." Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali.

Aliniingiza ndani nikanywe maji. Juu ya kitanda chake, ukutani, kulikuwa na mistari ya mkaa. Nilidhani ni michoro ya watoto wa nduguye mpaka niliposogea. Niliihesabu. Sabini na miwili, tangu siku uliyotamka. Ni mkono uleule ulionihesabia dawa zangu jikoni. Nikamwuliza kama ukija atarudi. Akanijibu kwamba hilo si la mimi kuuliza, mwenye kuuliza ana miguu yake.

Basi kaka, nenda. Anayekuletea barua hii ni Silvester, dereva wa lori la mbao, atalala hapo Igowole usiku mmoja na kurudi kesho yake. Panda naye. Usipite kwangu kwanza, uteremke Uyole. Chukua mashahidi wawili, lakini kabla ya kutamka neno la kumrejea muulize mwenyewe kama anataka, maana siku ile hakuna aliyemuuliza kitu. Akikataa, mwombe radhi kwa ajili yetu sote kisha umwache. Bushiri nitamwambia leo jioni, lori likishaondoka, nisipate nafasi ya kuirudisha barua hii. Shangazi na watu wote wa mtaa nitawaambia siku ya Maulidi, watakapokuwa wamejaa hapa ukumbini, palepale alipofukuziwa. Wewe nakuomba radhi mwisho, kwa sababu nakujua, ukinisamehe upesi utakaa, na mimi nataka uondoke.

Dawa yangu imepunguzwa, viwili. Daktari amesema tungoje wiki sita kisha anitazame. Ni zamu yangu kuchora mistari, na naichora, ukuta uleule chini ya ile ya Mwanahawa. Kinu bado kinatwanga mchana, ila sasa kuna siku kinapumzika. Mimi nimepewa wiki sita za kungoja. Wewe huna hata mbili.

Nisalimie wote hapo dukani. Wakikuuliza barua inasemaje, waambie Siwema anaendelea na dawa.

Ndani ya karatasi iliyokunjwa utakuta nusu kidonge. Kama una shaka na neno langu, na unayo haki, kiloweke katika uji wa moto ulambe ncha ya kidole, kama ulivyofanya siku ile. Nilikivunja asubuhi ya tarehe tano Julai, nikameza yangu, nikachukua bilauri, ndipo niliposikia shangazi analia. Tangu hapo nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga yangu.

Hiyo ndiyo nusu ya mama.

Wasalaam,
mdogo wako,
Siwema binti Halfani